Nguo imeharibikaje? Uzi wa kujifunza kushona na kutia viraka nyumbani

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, salaam.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kushika sindano kwa dhati, na ambaye kila kifungo kinapodondoka au mshono unapofumuka huiweka nguo pembeni akisubiri siku atakayopita kwa fundi, kisha nguo hiyo ikasahaulika kabatini. Jiji letu la Dar es Salaam lina mafundi cherehani karibu katika kila mtaa, kuanzia mabarazani Kariakoo hadi vibandani Tandika, Manzese na Mbagala, na kazi yao naiheshimu sana. Hata hivyo, zipo kazi ndogo ambazo fundi mwenye foleni ya sare za shule na magauni ya harusi hawezi kuzipa muda, na ambazo mwenye nguo anaweza kuzifanya mwenyewe kwa utulivu. Anachohitaji kwanza ni kuelewa jambo moja: kabla ya kutunga uzi kwenye sindano, ajue nguo imeharibika kwa sababu gani.

Nguo huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni mshono kufumuka, yaani uzi umekatika au umeoza lakini kitambaa chenyewe ni kizima. Ya pili ni kitambaa kuchanika kwa nguvu, kama vile sketi inaponaswa na bati la mlango wa daladala, au suruali inapokutana na msumari wa benchi. Ya tatu, ambayo ndiyo inayowatesa watu wengi, ni kitambaa kuchakaa: nyuzi zake zimekonda kidogo kidogo kwa msuguano, jasho, jua na sabuni, hadi siku moja zikaachia mahali ambapo hapakuguswa na kitu chochote. Ukiinyanyua nguo ya namna hiyo dhidi ya mwanga wa dirisha utaona kwamba eneo linalozunguka tundu linapitisha mwanga kuliko sehemu nyingine, na hapo ndipo penye jibu lako.

Tofauti hii ina maana kubwa katika kazi. Mshono uliofumuka unahitaji kushonwa upya tu, katika mstari uleule wa zamani. Chaniko la kitambaa kizima linahitaji kingo zake zirudishwe pamoja na zitegemezwe kwa nyuma. Lakini kitambaa kilichochakaa hakishikiki kwa kuunganisha kingo, kwa sababu sindano inapita katika nyuzi ambazo tayari zimekwisha nguvu. Utashona leo, na kesho chaniko litajitokeza pembeni mwa mshono wako, refu kuliko la jana. Watu wengi wanaosema kwamba nguo ikishonwa haidumu wamekuwa wakiitibu aina hii ya tatu kana kwamba ni ya kwanza.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Pakiti moja ya sindano za mkono zenye ukubwa tofauti, mkasi unaotumika kwa kitambaa peke yake, pini, futi kamba, chaki, wembe wa kufumulia, na nyuzi za poliesta za rangi nne au tano zinazolingana na nguo unazovaa zaidi vinatosha kabisa, na vyote vinapatikana Kariakoo, katika maduka ya vifaa vya ushonaji. Kabla ya kununua uzi, vuta kipande kidogo kwa mikono miwili; ukikatika kirahisi, au ukiwa na vinundu vinundu, uache. Sindano nazo zihifadhiwe katika kopo lililofungwa vizuri, kwa kuwa hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na sindano yenye kutu huacha doa kwenye shati jeupe ambalo ni vigumu sana kulitoa.

Mshono wa kwanza ambao watu hujifunza ni bandi, yaani sindano kuingia na kutoka kwa hatua ndefu katika mstari mmoja. Bandi ina kazi yake, nayo ni kushikiza vitambaa kwa muda kabla ya kushonwa. Haifai kuwa mshono wa kudumu, kwa kuwa uzi ukikatika mahali pamoja mstari wote unalegea, na ukivuta kidogo nguo inajikunja. Kama ningeambiwa nichague mshono mmoja tu wa kumfundisha mtu, ningechagua mshono wa kurudi nyuma. Sindano inatokea juu ya kitambaa, inarudi nyuma hatua moja ndogo na kuzama, kisha inatokea mbele kwa umbali wa hatua mbili, halafu inarudi tena hadi kwenye tundu ilipotokea katika hatua iliyotangulia. Kwa upande wa juu utaona mstari usiokatika unaofanana na wa cherehani, na kwa upande wa chini nyuzi zinapandana. Uzi usizidi urefu wa mkono kutoka kwenye vidole hadi kupita kiwiko kidogo, maana uzi mrefu hujifunga mafundo, na kila unapopita katika kitambaa unachakaa kabla haujaanza kazi.

Mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ni pindo la kanga. Doti mpya huuzwa ikiwa kipande kimoja ambacho kinapaswa kukatwa katikati na kupindwa, na wengi wetu huwapa mafundi wanaokaa karibu na maduka ya kanga wafanye kazi hiyo papo hapo. Safari ijayo ichukue doti nyumbani. Kanga ni pamba, ina mistari iliyonyooka ya kukuongoza, na ikiwa mpya bado ina dondo linaloifanya ikae vizuri inapokunjwa. Kunja ukingo mara mbili ili nyuzi mbichi zifichwe ndani, pitisha pasi, shikiza kwa bandi, kisha shona. Ukimaliza pande mbili za kila kanga, mkono wako utakuwa umeanza kuujua urefu wa hatua bila kupima.

Kifungo nacho kinastahili maelezo, kwa sababu hushonwa vibaya hata na watu wanaojiona wanajua. Tunga uzi, uukunje uwe mara mbili, na upige fundo mwishoni. Toboa kitambaa kuanzia juu ili fundo likae chini ya kifungo, ambako halitaonekana. Weka kifungo mahali pake, kisha laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, katikati ya matundu, na ushone ukipita juu ya njiti hiyo mara tatu au nne katika kila jozi ya matundu. Sasa chomoa njiti, nyanyua kifungo, nawe utaona uzi umebaki na nafasi kati ya kifungo na kitambaa. Tokeza sindano katika nafasi hiyo, uzungushe uzi kuzunguka nyuzi zilizosimama mara kadhaa hadi pawe na shingo ndogo ngumu, halafu zamisha sindano upande wa ndani na ufunge. Shingo hiyo ndiyo inayokipa kifungo nafasi ya kuupokea upande wa pili wa shati unapofungwa. Kifungo kilichobanwa kabisa juu ya kitambaa hukivuta kitambaa kila kinapofungwa, na mwishowe hung'oka pamoja na kipande cha nguo. Kabla ya kwenda dukani kutafuta kifungo kinachofanana, tazama ndani ya mshono wa ubavuni au chini ya ukanda wa vifungo, kwani mashati mengi ya dukani na ya mitumba hushonewa kifungo cha akiba huko.

Sasa nije kwenye kiraka, hasa kiraka cha suruali iliyochakaa kati ya mapaja au makalioni. Hili ni tatizo la kila siku kwa wanaoendesha au kupanda bodaboda, na kwa wote wanaokaa kwenye viti vya plastiki kutwa nzima. Geuza suruali nje ndani, uinyanyue kwenye mwanga, na uchore kwa chaki mpaka wa eneo lililokonda, siyo mpaka wa tundu. Kata kiraka kinachovuka mpaka huo kwa sentimita mbili au tatu kila upande, ili mshono wako utue kwenye kitambaa kizima. Kitambaa cha kiraka kiwe cha aina ileile na uzito uleule, na kama ni pamba mpya kifuliwe kwanza, kwa sababu pamba husinyaa ikifuliwa, na kiraka kikisinyaa baada ya kushonwa kitaivuta suruali nzima. Pembe za kiraka zikatwe kwa mviringo, kwani pembe kali hunyanyuka na kung'oka. Tazama pia mwelekeo wa nyuzi: zile zinazoshuka kwa urefu katika suruali zishuke kwa urefu katika kiraka, la sivyo vitambaa viwili vitavutana kila unapopiga hatua.

Shikiza kiraka kwa ndani kwa bandi, shona ukingo wake kwa mshono wa kurudi nyuma, kisha geuza suruali upande wa nje na upitishe mistari midogo iliyokaribiana juu ya eneo lote lililokonda, ukifuata mwelekeo wa kitambaa. Mistari hiyo ndiyo inayobeba mzigo ambao nyuzi za zamani haziwezi tena kuubeba. Ukichagua uzi wa rangi inayokaribiana, mtu atalazimika kuinama ili aone kwamba pana kazi. Wajapani wana utamaduni wa siku nyingi wa kuimarisha nguo kwa mistari ya namna hii, wanaouita sashiko, nao waliifanya ionekane waziwazi kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu. Binafsi naona ni kazi nzuri kuliko suruali nyingi mpya.

Fulana zina sheria yake. Kitambaa chake kimefumwa kwa vitanzi na hunyumbuka, kwa hiyo mshono ulionyooka na kukazwa hukatika mara tu unapoivaa kichwani. Tumia mshono wa kupinda kushoto na kulia, usivute uzi sana, na ukipata sindano yenye ncha ya mviringo itumie, maana husogeza nyuzi pembeni badala ya kuzikata.

Jambo la mwisho kwa leo ni muda. Shona kabla ya kufua. Sisi tunafua kwa kufikicha na kukamua, na ufa wa urefu wa ukucha ukipita mikononi hivyo unaweza kutoka ukiwa na urefu wa kiganja. Kama nguo ni chafu mno kushonwa, iloweke na uiminye kwa upole bila kusugua palipoumia, uianike kivulini, kisha ushone.

Mkazi wa Mbagala

Dada, ahsante kwa somo. Nina maswali mawili. Kwanza, sare za watoto: kila Januari sketi na kaptula zinakuwa fupi ilhali kitambaa bado ni kizima. Pili, nataka kununua cherehani, lakini sijui nichukue ya umeme au ya miguu.

Mwanzisha uzi

Kaka yangu, kwa sare jibu ni pindo lenyewe. Unaposhonesha au kununua sare, hakikisha pindo la chini lina akiba ya kutosha, hata sentimita saba au nane, na mwombe fundi asiikate. Mwaka unaofuata unafumua, unaloweka alama ya mkunjo wa zamani na kuipiga pasi ikiwa mbichi, kisha unapinda upya chini zaidi. Pale ambapo mkunjo ulikuwa, kitambaa kinaweza kubaki na mstari ulio tofauti kwa rangi, kwa kuwa sehemu ya nje imepigwa na jua na ya ndani haikupigwa. Mstari huo unafichika kwa utepe mwembamba ulioshonwa juu yake, kama shule inaruhusu.

Kuhusu cherehani, nakushauri usiinunue kabla mkono wako haujaweza kushona mstari ulionyooka. Ukifika hapo, cherehani ya miguu ya chuma, kama zile za Singer au Butterfly ambazo mafundi wetu wanazo, inafaa nyumba nyingi za hapa kwa sababu haikwami umeme unapokatika, na vipuri vyake vinajulikana kwa kila fundi. Uelewe namna inavyofanya kazi: tangu hataza ya Elias Howe ya mwaka 1846 na ile ya Isaac Singer ya mwaka 1851, mashine hizi hushona kwa nyuzi mbili, mmoja ukitoka juu kupitia sindano na mwingine ukitoka kwenye bobini, yaani kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini ya sindano, nazo hukutana katikati ya unene wa kitambaa. Ukiona vitanzi vimejaa upande wa chini wa nguo, usiilaumu bobini. Mara nyingi ni uzi wa juu ambao haukupita vizuri mahali pa kuukazia. Namba za sindano nazo zina maana: 90/14 ina unene wa milimita 0.9 na inafaa vitambaa vya kawaida kama kitenge na khaki nyepesi, na kwa jinzi panda hadi 100/16.

Fundi wa Tandika

Nimesoma kwa makini, binti yangu, na mimi niliyekaa nyuma ya cherehani tangu ujana naunga mkono hayo ya kutazama sababu. Naongeza mambo machache ambayo wateja hutuletea yakiwa yameshaharibika zaidi.

Msitumie gundi. Mtu anabandika pindo au chaniko kwa gundi ya viatu, inakauka na kuwa ngumu kama bati, na sindano ya cherehani inapofika hapo inavunjika au inaruka. Nguo hiyo inabidi nikate kipande chote chenye gundi, na kama hakuna akiba ya kitambaa, basi imekwisha.

Msitumie uzi wenye nguvu kuliko kitambaa. Nimeona blauzi nyepesi ikishonwa kwa uzi wa mabegi. Uzi ulibaki mzima na kitambaa kikakatwa nao pande zote mbili. Uzi ukizidiwa na ukakatika, nguo inashonwa tena, lakini kitambaa kikikatika huna pa kurudi.

Kwa wanaonunua mitumba pale Karume, ichunguzeni nguo kwenye mwanga kabla ya kuuliza bei. Tazameni makwapa, kati ya mapaja, mkunjo wa kola, na zipu juu hadi chini. Nguo yenye mshono uliofumuka inunueni bila hofu, tena mpunguziwe bei. Iliyokonda kwapani iacheni. Suruali nyingi za kitambaa za wanaume zina akiba nene katika mshono wa nyuma, kwa hiyo zikibana kiunoni fundi anaweza kuziachia. Fungueni ndani mwangalie kwa macho yenu.

Na kola ya shati iliyochanika mkunjoni isiwafanye mtupe shati. Tunaifumua kutoka shingoni, tunaigeuza upande uliokuwa umefichika uje juu, na kuishona tena palepale. Hii ni kazi ya cherehani na ya jicho lililozoea. Hapo njooni kwetu.

Mwanzisha uzi

Shikamoo, fundi wangu, na nakushukuru sana. Hilo la uzi kuzidi nguvu ya kitambaa ni la kuandikwa ukutani. Nimewahi kuona wembe ukitumika kufumua kola kwa ustadi ambao sijauona kwingine, kwa hiyo narudia kwa wanaojifunza: kola, bitana ya koti, na zipu ya jinzi ni kazi za fundi, na unapoipeleka nguo mweleze fundi ilivyoharibika na wapi, kuliko kumwachia mfuko na kuondoka.

Mama wa watoto watatu

Dada, zipu za mabegi ya shule na za sketi zinanimaliza. Zinafungwa, halafu zinaachia kwa nyuma. Je, lazima zibadilishwe zote? Na kama mtu anataka kujifunza kwa cheti, aende wapi?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, zipu inayoachia nyuma ya kichwa chake, wakati meno yote yapo, kwa kawaida haina ubovu wa meno. Kichwa chenyewe kimepanuka kwa kuvutwa, hivyo hakiyabani meno yakashikana. Kirudishe hadi mwanzo kabisa wa zipu, chukua koleo ndogo, na ukibane kidogo sana upande mmoja wa nyuma kisha upande mwingine, ukijaribu kila baada ya kubana. Ukikibana kwa nguvu mara moja kitapasuka au kitagoma kutembea. Zipu nzito kutembea ipake nta ya mshumaa au sabuni ya kipande juu ya meno. Lakini jino likiwa limeng'oka katikati, usipoteze muda: zipu nzima ibadilishwe, isipokuwa jino hilo liwe karibu na mwisho wa chini, ambapo unaweza kushona kizuizi cha uzi juu yake, ukazungusha mara nyingi hadi kiwe kigumu, na zipu ikaendelea kutumika ikiwa fupi kidogo.

Kwa cheti, VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha ushonaji, na kwa hapa jijini chuo chao kipo Chang'ombe. Nenda uulize kozi za muda mfupi na masharti ya kujiunga. Ukitaka kuanza wiki hii, leta hapa picha ya zipu ya begi, upande wa mbele na wa nyuma wa kichwa chake, nami nitakuonyesha pa kubana.